Supu ya makongoro inaganda na kuyeyuka kila siku, yai likishaiva halirudi. Ni bondi gani hizo?

#1 Supu ya Soweto
Habari za jioni wakuu. Nauza supu ya makongoro hapa Soweto, Mbeya. Kwa baridi hii ya Julai, sufuria likilala bila moto, asubuhi supu yote imeganda, mwiko unasimama wima. Nikiwasha mkaa haichukui muda imekuwa maji tena, ladha ileile. Ikilala inaganda upya.

Mezani hapohapo nauza mayai ya kuchemsha. Yai likishaiva limeiva. Uliweke kwenye baridi, ulirudishe motoni, ute hauwi maji tena ng'o. Kijana wangu yuko kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na bayolojia), ananiambia vyote viwili ni protini. Nikamuuliza, mbona basi kimoja kinagandishwa na baridi na kingine na moto, kimoja kinarudi na kingine hakirudi? Akanijibu "ni bondi, baba", akachukua daftari lake akaondoka. Wenye elimu naombeni mnifafanulie hizo bondi.

#2 Kalenga
Kamwene. Hayo ni mafuta mzee, si protini. Mafuta ya ng'ombe hata hapa Iringa asubuhi yanashikana. Mada imeisha.

#3 Supu ya Soweto
Kalenga, mafuta nayajua. Yanakaa juu, meupe, nayakwangua kwa kijiko na kuyaweka pembeni. Ninachosema kiko chini yake: rangi ya chai ya rangi, kinapitisha mwanga, ukikibonyeza kwa kidole kinarudi juu, na ukikila midomo inanata. Hicho si mafuta.

#4 Mwalimu Igawilo
Shikamoo mzee wangu. Kijana yuko sawa, ila amekuacha njiani.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Zipo za aina 20, zimeungwa moja baada ya nyingine kwa bondi ya peptaidi. Bondi ni kinachoshikanisha atomu na atomu; hiyo ni yenye nguvu, atomu zinachangia elektroni, na kuchemsha supu kwa saa chache hakuikati ila kidogo sana. Lakini mnyororo huo haukai umenyooka. Unajikunja mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo linaloupa kazi. Kinacholinda umbo ni nguvu nyingine, nyingi zikiwa dhaifu: bondi za haidrojeni (haidrojeni ya sehemu moja kuvutwa na oksijeni au naitrojeni ya nyingine), mvutano wa chaji chanya na hasi, mvutano mdogo kabisa wa van der Waals, tabia ya sehemu zisizopenda maji kujificha ndani, na kwa baadhi ya protini madaraja ya salfa, ambayo yenyewe ni imara.

Makongoro yamejaa kolajeni, protini ya ngozi, kano na mifupa. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana, na katika kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glaisini, iliyo ndogo kuliko zote, maana katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kubwa zaidi. Nyuzi hizo zinashikana kwa bondi za haidrojeni. Ukichemsha, msokoto unafumuka na kila uzi unaelea peke yake majini. Hapo ndipo inaitwa jelatini. Supu ikipoa, nyuzi zinataka kusokotana tena, ila kila mmoja unadaka jirani yeyote aliye karibu, kipande hapa kipande pale, unatokea wavu unaofungia maji ndani. Kuufumua ni rahisi. Bondi moja ya haidrojeni ina kama kilojuli 20 kwa moli, wakati ile ya kaboni na kaboni ina kama 350.

Yai ni habari nyingine. Ute ni maji kwa asilimia 88 hivi, na zaidi ya nusu ya protini yake ni ovalbumini. Likiwa bichi, kila molekuli imejikunja kivyake na inaelea bila kumgusa mwenzake. Moto unaikunjua, yaliyofichwa ndani yanatoka nje na kung'ang'ania ya jirani, halafu salfa zinafunga madaraja mapya kati ya mnyororo na mnyororo. Ukipoza, madaraja hayo hayaachii.

#5 Tabata Kimanga
Mada tamu. Mwalimu, huku Dar supu hailali ikaganda mezani, mpaka uiweke kwenye friji. Au ng'ombe wetu hawana hiyo kolajeni?

#6 Maabara Iringa
Tabata, ng'ombe ni walewale, tena wengi wanatoka bara. Ute wa jelatini unayeyuka kwenye nyuzijoto 30 na kidogo, ndiyo maana unayeyuka mdomoni. Ili ujifunge unataka baridi zaidi ya hiyo, na usiku wa Dar wakati wa joto hauifikii. Mbeya Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10.

Nyongeza kwa Mwalimu: uimara wa msokoto wa kolajeni unategemea sana haidroksiprolini, ambayo mwili unaitengeneza kwa msaada wa vitamini C. Ndiyo maana mtu akikosa matunda na mboga kwa miezi anapata kiseyeye: fizi zinavuja damu, vidonda vya zamani vinafunguka. Kolajeni anayoitengeneza haishiki vizuri kwenye joto la mwili wake mwenyewe.

#7 Saluni Mwanjelwa
Jamani mimi si msomi wa kemia lakini haya nayaona kila siku kwa mikono yangu. Mteja akitaka nywele zinyooke kwa leo tu, naziosha, nazikausha kwa drai na brashi, zinanyooka. Akitoka akakutana na manyunyu ya Mbeya, kabla hajafika kwenye daladala zimerudi. Mwingine anataka dawa. Akishapakwa, anyeshewe, aoge, alale nazo, zimenyooka moja kwa moja. Zinazoota upya tu ndizo zinakuja na asili yake. Si ni yaleyale ya supu na yai?

#8 Mwalimu Igawilo
Dada, mfano wako nitaupeleka darasani. Unywele ni keratini, protini yenye salfa nyingi. Maji na joto la drai vinaachanisha bondi za haidrojeni, unywele ukikauka umenyooka zinajifunga upya katika mkao huo, unyevu ukirudi zinaachia. Dawa inagusa madaraja ya salfa.

#9 Maabara Iringa
Hapo tuweke sawa. Dawa za kunyoosha zenye magadi makali, yaani haidroksaidi ya sodiamu, haziachanishi daraja na kulifunga tena. Zinaondoa salfa moja kati ya mbili, linabaki daraja fupi la salfa moja ambalo halirudi kuwa la zamani. Ile kalikiti ya enzi za mama zetu ndiyo iliyokuwa inafungua madaraja kwa dawa moja na kuyafunga kwa dawa ya pili, nywele zikiwa zimezungushiwa rola. Na dada, dawa hizo za magadi zina pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ya 12 hadi 14. Kichwa kikiwa na kidonda usimpake mtu.

#10 Saluni Mwanjelwa
Simpaki, na mteja akibisha namwambia aende akajipake kwake. Asante Maabara.

#11 Mdau wa Iyunga
Habari wadau. Namheshimu Mwalimu, ila #4 ameipa bondi ya haidrojeni kazi kubwa kuliko haki yake. Fikiri: protini iko ndani ya maji. Ikifumuka, zile sehemu zilizokuwa zimeshikana kwa haidrojeni zinashikana na maji badala yake. Umepoteza bondi moja, umepata nyingine. Faida iko wapi?

Kinachokunja protini ni maji yenyewe. Mzee wa Supu, angalia matone ya mafuta juu ya sufuria yako yanavyokutana na kuwa duara moja kubwa. Hayavutani kwa nguvu yoyote ya ajabu. Maji yanayozunguka mafuta yanalazimika kujipanga, yanapoteza uhuru wao, na mafuta yakikusanyika pamoja maji mengi yanaachiwa huru. Protini nayo ina asidi amino za namna hiyo, valini, lusini, fenilalanini, zinakusanyika ndani. Mwanakemia Walter Kauzmann aliyaandika haya mwaka 1959 na tangu hapo wengi wanaiona ndiyo nguvu kuu.

#12 Mwalimu Igawilo
Mdau, karibu. Kauzmann namfahamu. Lakini kabla yake, mwaka 1936, wanasayansi Mirsky na Pauling waliandika kuhusu hilihili la yai kuganda, wakasema umbo la protini linashikwa na bondi za haidrojeni na kuharibika ni kuachia kwake. Mwaka 1951 Pauling na wenzake wakatoa umbo la hilisi ya alfa, msokoto kama springi, lililosimama juu ya bondi hizo, na baadaye likaonekana kweli kwenye mayoglobini ya misuli na himoglobini ya damu. Kukusanyika kwa mafuta peke yake kunakupa donge lisilo na umbo. Nani anaamua mnyororo upinde hapa na si pale?

Halafu hoja ya "umepoteza moja umepata nyingine" inasahau wingi. Pita shambani Desemba, kishona nguo kimoja unakitoa kwa ukucha. Vikinasa hamsini kwenye suruali utakaa chini.

#13 Kalenga
Mnazunguka sana. Moto unakata protini vipande vipande, ndiyo maana nyama iliyopikwa inasagika tumboni. Kwisha.

#14 Maabara Iringa
Kalenga, ulishafunga mada kule #2, umerudi tena? Moto wa jikoni haukati mnyororo kwa kiasi hicho, unaukunjua tu, na mnyororo uliokunjuka ni rahisi vimeng'enya kuufikia. Anayekata bondi ya peptaidi ni pepsini tumboni. Au utomvu wa papai bichi. Mama zetu wanapofunga nyama ngumu kwenye majani ya mpapai kabla ya kupika, ndani yake kuna papaini, kimeng'enya kinachokata mnyororo wenyewe. Ukizidisha muda nyama inakuwa uji. Mzee wa Supu akitaka ushahidi, apakae utomvu wa papai bichi kwenye kipande cha ile supu iliyoganda. Itakuwa maji, na usiku wa baridi haitaganda tena, maana hakuna nyuzi ndefu za kusokotana.

#15 Binti Rungwe
Mwagonile nyote. Naomba kuwauliza mnaosema moto, moto. Sisi Tukuyu tunachemsha maziwa kila siku, hayagandi kama yai. Tukiyaacha yachache yanakuwa mtindi bila moto wowote. Ukikamulia limao yanakatika palepale. Hizo haidrojeni na salfa zenu ziko wapi hapo?

#16 Mdau wa Iyunga
Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Asilimia kama 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kazeini, na kazeini tangu mwanzo haina umbo lililokunjwa kwa uthabiti. Moto utakunjua nini? Zimekusanyika kwenye chembe ndogo, zimeshikwa pamoja na kalisiamu na fosfeti, na uso wa kila chembe una chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Maziwa mabichi yana pH ya 6.7 hivi. Bakteria wakila sukari ya maziwa wanatoa asidi, pH ikifika kwenye 4.6 chaji zimesawazishana, msukumano umeisha, chembe zinagusana na kushikana. Hapa kinachotawala ni chaji.

#17 Binti Rungwe
Ndaga fijo. Na ule utando juu ya maziwa yaliyochemshwa?

#18 Mdau wa Iyunga
Huo una protini nyingine, zile zinazobaki kwenye maji ya mtindi. Hizo zina umbo, na moto wa nyuzi 70 na kitu unazikunjua. Zinanaswa juu pamoja na mafuta na kazeini, zinakauka.

#19 Mkulima Vwawa
Nimesoma wote. Mwanangu alikuja na kitabu kinasema wanasayansi wanaharibu umbo la protini kwa yurea. Ni hii yurea ninayokuzia mahindi?

#20 Maabara Iringa
Kemikali ni hiyohiyo, usafi ndio tofauti. Christian Anfinsen alichukua ribonukliezi, protini ya asidi amino 124 yenye madaraja manne ya salfa, akaiweka kwenye yurea nzito ya moli 8 kwa lita pamoja na kemikali ya kuvunja madaraja hayo. Ikafumuka yote, kazi ikafa. Akaondoa vyote viwili taratibu, hewa ikapita: ikajikunja yenyewe, ikarudi kazini. Salfa nane zinaweza kuoana kwa njia 105, na ikachagua ile sahihi. Alipoacha salfa zifunge madaraja zikiwa bado ndani ya yurea, zilioana ovyo na kazi ilirudi kama asilimia moja tu. Alipewa Nobeli mwaka 1972.

Kwa hiyo madaraja ya salfa hayachori umbo. Yanafunga umbo ambalo nguvu dhaifu zimeshalichora.

#21 Mwalimu Igawilo
Na yurea inafanyaje? Inashika uti wa mgongo wa mnyororo kwa bondi za haidrojeni, inachukua nafasi ya zile za ndani. Mdau, hilo liko upande wangu.

#22 Mdau wa Iyunga
Wengine wanasema yurea inazifanya sehemu zisizopenda maji zisione taabu tena kukaa nje. Ubishi huo wa yurea una miaka mingi, usiuchukue wote peke yako Mwalimu.

#23 Nesi Makambako
Naomba tuelewane jambo moja: mtu asije akachanganya mbolea na chakula kwa sababu ya uzi huu. Endeleeni.

#24 Mkulima Vwawa
Nesi usihofu, kwa bei ya mfuko wa yurea msimu huu hakuna wa kuimwaga kwenye mayai.

#25 Maabara Iringa
Wapo waliofanya, maabara lakini. Mwaka 2015 kundi la Gregory Weiss wa California na Colin Raston wa Australia walichemsha ute wa yai kwa nyuzi 90 dakika 20, wakauyeyusha kwa yurea, kisha wakauzungusha kwa kasi kwenye mashine inayotandaza kimiminika kuwa utando mwembamba na kuisaidia minyororo ijikunje upya. Wakapata laisozaimu, protini mojawapo ya ute, inayofanya kazi tena. Kwa hiyo sentensi ya "yai halirudi" ina mpaka wake. Halirudi jikoni kwako.

#26 Supu ya Soweto
Hii imenishangaza. Kwa hiyo madaraja ya salfa ya Mwalimu si kifungo cha maisha?

#27 Mwalimu Igawilo
Mzee, wamerudisha protini moja kati ya nyingi zilizomo, tena kwa kemikali na mashine. Laisozaimu ni ndogo, asidi amino 129. Ovalbumini ina 385, na ndiyo iliyojaa humo. Kwa mkaa na baridi ya Mbeya, hoja ya #4 inasimama. Ovalbumini ina madaraja manne ya salfa, zikichanganyikana...

#28 Maabara Iringa
Samahani Mwalimu. Manne ni laisozaimu. Ovalbumini ina daraja moja tu na salfa nne zilizo huru. Na hizo nne za huru ndizo zenye fujo, maana ukikunjua molekuli zinatafuta wa kufunga naye, au zinabadilishana na daraja la jirani. Ile harufu ya yai lililopitiliza ni salfa iliyotoka kama gesi, na ule mstari wa kijani kuzunguka kiini ni salfa iliyokutana na chuma cha kiini.

#29 Mwana Makete
Wakuu nimeingia kwa sababu ya baridi. Mama anatumia insulini. Tuliambiwa iwekwe mahali pa baridi, friji hatuna, tukaiweka dirishani kwa nje. Usiku ule kulikuwa na barafu nyeupe kwenye majani yote, asubuhi kichupa kilikuwa kigumu. Ilipoyeyuka ilionekana kawaida, akachoma. Sukari haikushuka. Baridi nayo inaharibu hizo bondi?

#30 Nesi Makambako
Pole kwa mama. Insulini iliyoganda haitumiki, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Itupwe, mrudi kituoni mpewe nyingine, na muwaambie kilichotokea. Ya akiba inataka nyuzi 2 hadi 8, si barafu. Huko kwenu Julai ndani ya nyumba ndipo salama kuliko nje: ifunge kwa kitambaa, iweke kabatini mbali na jiko. Chanjo nyingi nazo ni hivyohivyo, zikiganda zimekufa, ndiyo maana tunachunga kipimo cha friji pande zote mbili.

#31 Mdau wa Iyunga
Kwa upande wa kemia, insulini ni ndogo, asidi amino 51, minyororo miwili iliyofungwa kwa madaraja mawili ya salfa na la tatu ndani ya mnyororo mmoja. Fuwele za barafu zikikua zinaisukuma protini na chumvi kwenye maji machache yaliyobaki, molekuli zinagusana mno na kushikana mabonge. Madaraja ni mazima, dawa haifai.

Na Mwalimu, sikiliza hili. Ile nguvu ya kukimbia maji inadhoofika maji yakipoa. Ingekuwa haidrojeni ndiyo mshikaji mkuu, kila protini ingekuwa imara zaidi kwenye baridi. Lakini zipo zinazofumuka kwa baridi bila hata kuganda. Peter Privalov alilionyesha kwenye mayoglobini mwaka 1986.

#32 Mwana Makete
Nesi asante sana, kesho asubuhi tunashuka kituoni.

#33 Kalenga
Nesi umefanya kazi. Mimi nirudi kwenye yai. Mnasahau Mbeya iko juu. Maji hayafiki nyuzi 100, yai linaiva nusu, ndiyo maana ute wa huko ni laini.

#34 Maabara Iringa
Nusu ya hoja ni kweli. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Lakini protini za kwanza kwenye ute zinaanza kukunjuka kwenye 60 na kitu, na ovalbumini kwenye 80 hivi. Nyuzi 94 zinatosha na kubaki. Kinachochelewa ni maharage na makongoro, siyo yai.

#35 Supu ya Soweto
Makongoro naanza saa nane usiku, hilo nakubali bila kitabu.

#36 Mwana Kyela
Habari za usiku. Mada yenu inanigusa, nyumbani tuna mgonjwa wa selimundu. Daktari alituchorea kwenye karatasi: himoglobini yake ina tofauti sehemu moja tu, kwenye mnyororo wa beta nafasi ya 6, mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Glutamiki ina chaji na inapenda maji. Valini haipendi. Damu ikiachia oksijeni, ile valini inajichomeka kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, na ya jirani kwa nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu zinazokunja seli kuwa mundu. Pauling mnayemtaja alionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na Vernon Ingram miaka michache baadaye akapata ni asidi amino ipi.

Sasa swali langu kwa Mwalimu. Ulisema yai halirudi kwa sababu ya ndani yametoka nje yakashikana. Hapa pia ni kushikana kwa sehemu zisizopenda maji, lakini oksijeni ikirudi nyuzi zinayeyuka, seli inarudi duara, angalau mara za mwanzo. Kwa hiyo kushikana kwa namna hiyo hakutoshi kueleza kwa nini kitu hakirudi.

#37 Mdau wa Iyunga
Mwana Kyela umesema jambo zito. Himoglobini ya selimundu haijakunjuka, ndiyo tofauti. Imeshikana ikiwa na umbo lake zima, sehemu moja tu inagusa. Ovalbumini iliyoiva imefunuka yote, sehemu mia zimeshikana na majirani mia.

#38 Binti Rungwe
Na mtindi je? Mdau ulisema kazeini haikuwa na umbo la kukunjuka, na hukutaja salfa. Mbona nikiupasha moto mtindi haurudi kuwa maziwa? Unazidi kukatika.

#39 Mwalimu Igawilo
Binti umetubana wote. Kwenye mtindi asidi bado imo, ile kalisiamu iliyokuwa inashika chembe imeshatoka, moto hauondoi asidi. Lakini hata ukirudisha pH kwa magadi hupati maziwa yaleyale. Labda kurudi au kutorudi si suala la bondi ipi, ni suala la njia. Supu inarudi kwa sababu kufumuka na kusokotana ni njia ileile kwenda na kurudi. Yai lingelazimika kwanza kuachanishwa kila mnyororo na wenzake ndipo ujikunje, na hayo mawili yanataka mazingira tofauti.

#40 Maabara Iringa
Mimi naona ni wingi tu. Ribonukliezi ya Anfinsen ilirudi ikiwa imezimuliwa. Ingekuwa nzito kama ute wa yai ingeshikana kabla haijapata nafasi ya kujikunja. Zimua ute mara nyingi kwa maji, uchemshe: haugandi kuwa kitu kizima, unapata maji ya ukungu.

#41 Mdau wa Iyunga
Lakini ukungu huo nao haurudi kuwa maji safi, Maabara.

Mwalimu, bado hujagusa kitu kimoja. Chukua ute mbichi, mimina spiriti ya hospitali. Unageuka mweupe palepale bila moto. Spiriti inafanya sehemu zisizopenda maji zisijali kukaa nje. Wakati huohuo, ndani ya pombe hilisi za Pauling zinaongezeka, bondi za haidrojeni za ndani zinaimarika. Zimeimarika na umbo limekufa. Nani basi alikuwa ameshika umbo?

#42 Mtoto wa Soweto
Shikamooni. Mimi ndiye yule wa "ni bondi, baba". Naomba mnisaidie, NECTA wakiuliza ni nguvu ipi inayoimarisha zaidi umbo la protini, niandike ipi?

#43 Mwalimu Igawilo
Marahaba mwanangu. Mtihani haukuulizi ushindi, unataka utaje zote, kila moja na mahali pake na mfano. Andika peptaidi kwa mnyororo, haidrojeni kwa hilisi na mikunjo, kisha kwa umbo zima taja chaji, kukimbia maji, van der Waals na salfa.

Mdau, spiriti naikubali kwa ute wa yai. Lakini kuna vipimo vya Nick Pace na wenzake wa Marekani, waliokuwa wanabadilisha asidi amino moja moja na kupima uimara uliopotea. Hesabu yao ya 2011 iliwapa kama asilimia 60 kwa kukimbia maji na 40 kwa haidrojeni. Arobaini si masalia. Protini ya kawaida inashinda kufumuka kwa kilojuli 20 hadi 60 tu kwa moli, jumla ya kila kitu. Ondoa hiyo arobaini uone kama kitasimama kitu.

#44 Mdau wa Iyunga
Na ukiondoa sitini?

#45 Nesi Makambako
Mzee wa Supu, kabla sijalala: ute wa makongoro ulioganda ni chakula kizuri kwa bakteria pia. Kila unapoupasha, uchemke kabisa, usiwe vuguvugu.

#46 Supu ya Soweto
Unachemka Nesi, natokota mpaka mapovu. Nashukuru wote. Kesho nimemtuma kijana alete papai bichi na chupa ya spiriti, tutajaribu vyote viwili kwenye vibakuli vya plastiki visivyorudi mezani. Mwana Kyela, mgonjwa wako anavumiliaje baridi akija huku juu?

#47 Mwana Kyela
Vibaya mzee. Baridi inamletea maumivu, tukimleta kliniki Mbeya tunamvisha masweta mawili na chupa ya maji ya vuguvugu mkononi. Kesho tunapanda, tarehe yake imefika.

#48 Supu ya Soweto
Mkifika Soweto pitieni kwangu, supu iko, hamtalipa.